Kipande cha Mizani Saba

Juma lililopita, sokoni, mama mmoja muuza muhogo alivunja kipande mbele yangu ili nione kwamba ndani bado ni mweupe, na unga wake ukaniangukia kiganjani. Ile harufu ya muhogo uliolowekwa kisha ukaanikwa juu ya mawe, uchachu kidogo na vumbi kidogo, ilinirudisha miaka mingi nyuma. Nilisimama pale na mkono wangu wazi hadi yule mama akadhani naidharau mali yake. Nikanunua bila kubishana, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya duka la mtu.

Ninyi wa rika langu mliosoma huko juu Masisi katika miaka ile ya vita mtanielewa upesi. Chaki zilipokwisha, tuliandikia muhogo mkavu. Uliletwa kwetu kutoka Walikale kule chini, maana kwenye vilima vyetu baridi haiuachi ukue, na mwalimu wetu, Madamu Sifa, alikuwa akichagua vipande vigumu, anavikata virefu kama vidole, anavifungia kwenye kitambaa. Ilibidi avifiche. Tulikuwa tunavila.

Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na moja. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kirolirwe, pale malisho ya ng'ombe yanapoishia na mashamba ya maharage na viazi yanapoanzia. Babu yake baba alilima udongo ule, na baba akaulima, hadi msimu ule ambapo ng'ombe waliingia shambani mwetu mara mbili na watu wenye bunduki wakaingia mara tatu. Baada ya mara ya tatu baba alikaa siku nzima kwenye mlango wa ghala tupu. Kesho yake akamwambia mama kwamba anakwenda Omate, huko Walikale, kuchimba dhahabu.

"Miezi mitatu," alisema. "Nikipata pesa ya mabati na ya mbegu, narudi."

Mama, aliyekuwa shemasi kanisani na hakupenda maneno mengi, alimfungia viazi vya kuchoma katika jani la mgomba. Miezi mitatu ikapita. Ikapita mingine mitatu. Barua hazikuja, kwa sababu baba hakujua kuandika. Salamu tu zilifika, zikipita midomo mitano sita, na zilipotufikia zilikuwa zimebaki neno moja: mzima.

Shule yetu ilikuwa imekaliwa na watu wa bunduki, na madawati yamekuwa kuni. Walimu walitawanyika. Ndipo akaja Madamu Sifa. Alikuwa mtu wa kwetu kwa kuzaliwa, lakini wazazi wake walikimbia naye akiwa mdogo, akakulia ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Alirudi mwanamke mzima, mwembamba, na Kiswahili kilichotuchekesha: penye njo yetu yeye aliweka ndiyo. Sisi tulisema mutoto, yeye alisema mtoto, midomo imefungwa kama mtu anayeficha kitu. Mchungaji akampa chumba cha nyuma ya kanisa, na mlango uliong'olewa ukawa ubao.

Alitufundisha hesabu, na kusoma, na jiografia ya nchi ambayo hakuna aliyeizunguka. Lakini saa aliyoipenda mwenyewe ilikuwa ya ushairi. Alituambia kwamba huko kambini alikuwa na mwalimu mzee aliyewapangia watoto mashairi kama mtu anavyopanga matofali, na kwamba siku za njaa ndizo walizosoma zaidi. Nasi hatukuwa na kitabu hata kimoja, basi akatutumia sisi wenyewe. Akatutoa nje kwenye majani, akapanga watoto kumi na sita katika mstari mmoja.

"Huu ni mshororo," alisema. "Kila mmoja wenu ni mizani moja, sauti moja ya mdomo."

Akapita katikati, akatusukuma wanane huku na wanane kule, pakabaki nafasi ya mtu kupumua. "Hiki ni kipande cha kwanza, hiki ni cha pili." Nyuma yetu akapanga mstari mwingine, na kwa kuwa watoto walikwisha akaendelea na mawe, mistari minne jumla. "Yote pamoja ni ubeti. Na mshororo wa mwisho unaitwa kituo, kwa sababu hapo ndipo shairi linapotua mzigo wake."

Mtoto mmoja akauliza, "Kituo kama kile cha askari?"

"Hapana," alisema. Kisha akatazama upande wa shule yetu, akarudia kwa sauti ya chini, "Hapana. Kituo cha kupumzika."

Mimi nilimuuliza juu ya ile *mu* yetu. "Madamu, sisi tunasemaka mulimani. Iyo mu iko mizani moja?"

"Moja. Na ukiandika *m* peke yake, bado ni moja. Mdomo umefungwa, lakini sauti imepita."

Jibu hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Siku nzima nilitembea nikisema mlima, mtu, mvuke, nikisikiliza ile sauti inayopita mdomo uliofungwa.

Kisha ikaja siku ya vina. Madamu aliwagusa watoto wa mwisho wa kila kipande, akasema hao ni lazima wafanane sauti, mshororo baada ya mshororo, na kila mmoja wao anaitwa kina. Mimi nilikuwa wa mwisho. "Wewe Neema ni kina," akasema, na mimi nikatoka mbio kwenye mstari. Akaniita, nikakataa kurudi. Darasa zima likacheka, naye pia alicheka mwanzoni.

Neno hilo nilikuwa nalijua. Usiku wa kabla ya kuondoka, baba alimweleza mama mashimo ya Omate, na alisema yana kina cha mikaratusi miwili, kina cha mtu kutosikia akiitwa. Mimi nilidhaniwa nimekwishalala. Kwangu kina kilikuwa mahali pa giza ambapo baba alikuwa, na sasa Madamu ananisimamisha hapo mbele ya watu wote.

Alinifuata nyuma ya kanisa. Nilipomweleza, kicheko kikamwisha. Alikaa chini kwenye umande akiwa na sketi yake ya kazi.

"Ni maneno mawili yanayovaa nguo moja," alisema. "Kina changu hakizamishi mtu. Kinamwita mwenzake. Ukikisikia hapa, unajua kingine kinakuja." Kisha akaniuliza, "Baba yako unamkumbuka sana?"

Nilijifuta pua kwa mkono.

"Basi mwandikie. Ubeti mmoja tu. Mizani ikitimia, shairi linasimama lenyewe, halihitaji kushikwa mkono."

Nadhani alitaka kunifariji tu, na kunipa kazi ya kufanya. Lakini mtoto huchukua maneno kama yalivyo. Mimi nilielewa kwamba shairi lililotimia linaweza kusimama, na kinachosimama kinaweza kutembea, na kwamba likifika Omate baba hatakuwa na la kufanya ila kulifuata nyumbani. Na likipungua hata kidogo, litaanguka njiani.

Nililiandika siku nne, kwenye ukurasa niliouchana katikati ya kaye yangu, daftari langu pekee. Nililihesabu kwa kugonga paja, kama Madamu alivyotufundisha, na juu ya kila kipande nikaandika idadi yake, na pembeni mwa mshororo wa mwisho neno kituo. Bado nalikumbuka lote:

*Baba uko mashimoni, mimi nipo nakumbuka,*
*Mvua huku mlimani, maharage yamechoka,*
*Mama yuko mlangoni, kila gari likifika,*
*Rudi baba nyumbani, njia bado yapitika.*

Nane na nane. Nane na nane. Nane na nane. Na kwenye kituo, saba na nane. Niligonga paja hadi likauma. Rudi baba nyumbani: saba. Niliweka neno hili, nikatoa lile, ikawa tisa, ikawa kumi, ikarudi saba. Jumamosi nilikwenda kumtafuta Madamu, nikaambiwa ameshuka Sake kutafuta chumvi. Na Jumapili gari la Papa Kasereka lilikuwa linaondoka.

Papa Kasereka alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, rozari yake imening'inia kwenye kioo cha gari na nyingine mfukoni. Alikuwa na butike pale chini barabarani, na mke wake, Mama Kavira, ndiye aliyeuza humo sabuni na mafuta. Lori lake lilibeba maharage yetu kwenda Walikale na kurudi na muhogo na mafuta ya mawese. Barua za familia alizibeba bure, kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti. Nilimkuta akitoka kusali, kofia mkononi.

"Papa, hii iko ya baba yangu kule Omate. Mutu atamusomea."

Aliifungua, akasoma, midomo ikicheza. Akanigeukia. "Wewe mwenyewe njo umeandika?"

"Mimi, Papa."

"Na hizi namba?"

"Ni mizani. Hapa pa mwisho inapungua moja. Nimeandika saba ili nisidanganye."

Alicheka, akanishika kichwa, akaikunja ile karatasi vizuri kama noti mpya. Badala ya kuitia kwenye mfuko wa plastiki aliiweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Nililiona hilo, nikarudi nyumbani na furaha.

Siku ya Jumanne mchana Mama Kavira alipanda kilima chetu bila viatu vyake vya kawaida, kitenge kimemlegea. Mama alikuwa anapalilia. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Mama Neema, mutoto yako aliandika nini?"

"Aliandika wapi?"

"Kwa karatasi alipatia bwana yangu. Walimukamata kwa barieri ya watu wa bunduki, kule mbele ya daraja. Wanasema anabeba kode, maneno ya kuficha, anapelekea watu wa ule upande mwingine. Wanasema aliyeandika akuje, ao yeye hatatoka."

Mama aliacha jembe lisimame lenyewe kwenye udongo. Hakunipiga, hakuniuliza. Alikwenda kunawa mikono, polepole, kila kidole, kisha akavaa kitenge chake cha kanisani. Tulipita kwa Madamu Sifa. Mama alimweleza kwa maneno machache, na Madamu, aliyekuwa anakata muhogo wa chaki, akaweka kisu chini.

"Neema asiende," alisema. "Nitakwenda mimi, nitawaeleza. Ni kazi ya darasani."

"Walisema mwenye aliandika," Mama Kavira akasema, akilia sasa.

Tukaenda wanne. Ni mwendo wa kama saa mbili, na jua lilikuwa kali kama linavyokuwa baada ya mvua. Njia nzima nilikuwa na wazo moja tu, na naliandika hapa kama lilivyokuwa: haya yametokea kwa sababu ya ile moja iliyopungua. Nilijua shairi limepungua na nililituma. Nilikuwa nagonga paja nikitembea, nikitafuta neno, kana kwamba nikilipata kabla ya daraja kila kitu kitatengemaa.

Barieri ilikuwa mti uliolazwa juu ya magogo mawili. Lori la Papa Kasereka lilikuwa pembeni, turubai limefunguliwa, maharage yamemwagika. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi chini kwenye tope, bila viatu, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Alipotuona alijaribu kuvuta shati lake lifunike tumbo. Rozari haikuwapo.

Mkubwa wao, waliyemwita Komanda, alikuwa kijana. Leo najua kwamba alikuwa kijana. Siku ile nilimwona mzee. Alikuwa na karatasi yangu mkononi, imechafuka mikunjoni.

"Nani kati yenu aliandika?"

Nikanyoosha kidole, kama darasani. Akanitazama, akamtazama mama, akasonya.

"Ni mutoto munaleta?"

"Ni shairi, bwana," alisema Madamu Sifa. "Mimi ni mwalimu wake. Hizo namba ni hesabu ya sauti. Ukiruhusu, nitakuonyesha."

"Wewe, nyamaza. Mutoto aseme." Akachuchumaa mbele yangu. Alinuka moshi na mafuta ya bunduki. "Hapa unaandika mulimani, nane. Nani alikuambia kwa mulima tuko watu nane?"

Nilimwangalia mama. Mama alitazama mbele.

"Mashimoni, nane. Mulangoni, nane. Mama yako anakaa kwa mulango, anahesabu gari zenye kufika. Njia iko inapita. Na hapa chini, kituo. Kituo ya nani?"

Sikuwahi kulisoma shairi langu hivyo. Nililiona kupitia macho yake, na kweli lilikuwa limejaa mahali na idadi na njia. Nikaogopa, nikadhani kwamba labda nimeandika kitu hicho bila kujua, kama mtu anayeongea usingizini.

"Kituo... ni ya kupumzika," nilisema.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na hapa nyumbani iko saba. Kote nane, hapa saba. Mumoja alienda wapi?"

"Anapungua," nilisema. "Nilimutafuta, sikumupata."

Nyuma yake mmoja wa wale wenye bunduki aliacha kutafuna. Nilikuja kusikia baadaye, kwa watu wa pale darajani, kwamba juma lile mmoja wao alikuwa ametoroka na silaha yake. Sikulijua hilo. Niliona tu uso wa Komanda ukibadilika, akasimama wima.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

Mama alisema haraka, "Mutoto anachezaka tu kuandika na biki, baba."

"Sikuuliza wewe. Mutoto, nani alikuambia uweke namba?"

Kidole changu kilikuwa bado kimenyooka, sikukumbuka kukishusha tangu mwanzo. Nilikigeuza. Nikasema, "Madamu njo alisema."

Ilikuwa kweli. Nimejiambia mara nyingi kwamba ilikuwa kweli, na kwamba Madamu mwenyewe alikuwa amekwisha kusema yeye ndiye mwalimu. Lakini alilolisema yeye lilikuwa jambo lake mwenyewe, na mimi nilimnyooshea kidole.

"Wewe ulisoma wapi?" Komanda akamuuliza.

"Kigoma. Kambini."

"Ah. Njo unaongea kama watu wa nje." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake. "Muchuuzi aende. Gari inabaki. Huyu mwalimu atabaki kidogo, atatufundisha pia."

Papa Kasereka alisimama kwa kushika gurudumu. Alisema, kwa sauti ya kukwaruza, "Komanda, yeye hana kosa. Unirudishe mimi." Mmoja wao akamsukuma kwa kitako cha bunduki hadi barabarani. Mama Kavira akamshika kiuno. Mama akanishika mimi. Madamu Sifa alituangalia tukiondoka, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi, na alipoona nimegeuka alifanya kitu nisichokisahau: aligonga paja lake kwa vidole, polepole, mara kadhaa, jinsi alivyokuwa akitutuliza darasani. Sikuhesabu.

Nyumbani mama alipika, akanipakulia, akakaa karibu yangu hadi nimalize. Mchungaji na wazee wengine walikwenda barieri siku iliyofuata na mbuzi, wakarudishwa na mbuzi amebaki huko. Sisi watoto tuliendelea kuja nyuma ya kanisa asubuhi, tunakaa mbele ya ule mlango uliokuwa ubao wetu, halafu tunarudi nyumbani.

Alirudi siku ya nne, peke yake, kwa miguu. Alikuwa na kitambaa kingine kichwani, si chake. Wanawake walimpeleka kuoga na kumfungia mlango, na mama alikuwa miongoni mwao. Alichowaambia, au kama aliwaambia, sijui. Mama hakunisimulia hata alipozeeka, na mimi nilipokuwa mkubwa wa kutosha kukisia, niliona afadhali nisiulize.

Siku mbili baadaye nikasikia anaondoka. Nilimkuta anakunja nguo zake ndani ya gunia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha, yote yakapotea, nikasimama pale mlangoni nikivuta pindo la gauni.

"Uliipata ile iliyopungua?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Hapana, Madamu."

"Sema kipande chako."

"Rudi baba nyumbani."

"Weka *u* mbele. Urudi."

Niligonga paja. *Urudi baba nyumbani.* Nane.

"Rudi ni amri," alisema. "Mtu haamrishi baba yake. Urudi ni ombi." Kisha akageuka, na niliona kwamba mdomo wake wa chini ulikuwa na kidonda kinachokauka. "Halikuwa kosa kubwa, Neema. Unasikia? Lilikuwa kosa dogo sana."

Nilitikisa kichwa kukubali. Lakini sikumwamini. Nilikuwa mtoto, na nilichokisikia ni kwamba herufi moja ndogo, ambayo ilikuwa mdomoni mwangu wakati wote, ingetosha kutuokoa sote. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hata kwa mizani nane kamili Komanda angesoma alichokuwa anakitafuta. Madamu aliondoka na wanawake waliokuwa wanashuka Sake. Sijamwona tena, wala sijapata mtu wa kuniambia alifika wapi.

Papa Kasereka alifunga butike yake, akarudi kwao na mke wake. Hakuja kutulaumu, alituachia hata nusu mche wa sabuni. Bila lori lake, maharage yetu yaliozea kwenye maghala, chumvi ikawa ya kuombana, na salamu kutoka Omate zikakatika kabisa, hata lile neno moja. Majirani walijua. Mbele yangu walinyamaza, na huko kunyamaza kulinitosha.

Baba alirudi baada ya miezi mingine saba. Tulimwona kwanza chini kabisa kwenye njia, mtu anayetembea kwa kuchechemea, akisimama kila hatua chache. Alikuwa na gongo la mti wa msituni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya chini ya goti, umegeukia nje. Mama alikimbia. Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Mimi nilibaki pale juu na ndoo ya maji.

Siku hiyo majirani walileta maziwa na mahindi mabichi. Jioni ilipoanza, wakaondoka, tukabaki watatu. Baba alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Ndipo mama akamuuliza kuhusu mguu.

"Jiwe," alisema. "Lakini mbele ya jiwe nilikuwa nimesha funga mizigo. Nilitaka nikuje na gari ya Kasereka, ile safari yake. Nilimungoja kwa barabara siku tatu. Kisha watu wakatuambia: gari imekamatwa, mwenyewe amepigwa, eti juu ya karatasi mutoto fulani aliandika. Wanapekua kila mutu anatoka kwa mashimo. Njo nikasema, ningoje kwanza kutulie. Nikarudi ndani. Juma la pili, jiwe likaniangukia."

Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya njia. Akaweka mguu wake sawa kwa mikono miwili. Kisha akauliza:

"Yule mutoto alikuwa wa nani?"

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa moto, sahani magotini. Mama yangu, ambaye aliwahi kutembea hadi kwa jirani kurudisha yai moja kwa kuwa kuku alitagia upande wetu, ambaye sijamsikia akidanganya kabla ya siku ile wala baada yake, hakuinua macho.

"Mutoto wa watu," alisema. "Walisha hama."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Mungu amusamehe," akasema. "Hakujua."

"Amina," akasema mama.

Na mimi nikaitikia amina pamoja naye, kwa sauti, kama mtu ambaye jambo halimhusu. Majirani nao hawakumwambia, na baba alikufa bila kujua. Mama alimfuata msimu uliopita.